Etajeri Iliyokunywa Mawese

Wiki iliyopita nilipanda kutoka Beni kwenda Butembo na chupa mbili za mawese kwenye mfuko, zawadi ya kumpelekea dada yangu aliyeko Butembo. Kule Beni mafuta yale yalikuwa yanacheza ndani ya chupa kama maji. Kesho yake asubuhi, nilipoamka Butembo na kutaka kumimina kidogo kwenye sufuria ya maharagwe, hayakutoka. Yalikuwa yameganda, mazito, rangi ya chungwa. Nilicheka peke yangu mpaka dada akaja kuuliza kama niko salama. Wewe uliyekulia milimani umeshanielewa. Na wewe uliyekulia penye joto, kaa kidogo nikueleze, kwa sababu mawese yaliyoganda ndiyo yaliyoifanya etajeri ya nyumbani kwetu iwe vile ilivyo.

Etajeri ndiyo rafu ya vitabu, kwetu tunaiita hivyo. Hii ilitengenezwa na Papa, ambaye hakuwa seremala hata kidogo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa chaki na kengele, na mikono yake ilikuwa laini kuliko ya Mama. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na moja. Padri mmoja mzee wa parokia yetu alikuwa anahama, na kwa kuwa hakuweza kubeba vitu vyake vyote, alimwachia Papa makatoni sita ya vitabu. Vyote vilikuwa vya Kifaransa: hadithi, ramani, kimoja cha wadudu, kimoja cha kufuga nyuki. Papa aliyapanga makatoni sebuleni, chini kabisa, kwenye kona ambayo kila mwaka ilikuwa kona ya magunia ya maharagwe.

Hapo ndipo maneno yalipoanzia. Mama alikuwa mkulima, na kwake kona ile ilikuwa na mwenyewe. Alimwacha Papa azunguke makatoni yake wiki nzima kwa furaha, kisha Jumapili moja, tukiwa tunakula bugali na sombe, akasema bila kupandisha sauti:

"Mwalimu, kama maragi inaingia mu nyumba na bile bitabu bingali pa chini, nitabipatia mama wa karanga. Kule angalau bitafanya kazi."

Maragi ni maharagwe, na mama wa karanga alikuwa jirani yetu wa nyumba ya pili. Alikaanga karanga kila siku, akaziuza mbele ya mlango wake zikiwa zimefungwa kwenye karatasi aliyoikunja kama faneli. Karatasi yoyote ilimfaa, na kitabu kinene kilimtosha mwezi. Mama hakuwa mtu wa kutishia bure. Aliposema jambo, ulikuwa unalihesabu limeshafanyika.

Mimi niliacha kula. Nilikuwa nimeshafungua katoni moja na nimeshaonja. Kifaransa changu kilikuwa cha kuchechemea, lakini nilikuwa nimegundua kwamba ukivumilia kurasa tatu za mwanzo, mlango unafunguka na unaingia. Ningeweza kuvumilia kukosa nguo ya Noeli. Vitabu vile kwenda kufunga karanga, hapana.

Papa akasema ataunda etajeri. Mama akamtazama mikono.

Babu alikuwa ametuachia mikaratusi kwenye mlima nyuma ya mtaa. Papa aliita wapasuaji wa mbao, wakaangusha miwili, na baada ya siku chache mbao zikashuka zikiwa na maji ndani yake. Ukiweka kiganja, kinatoka na unyevu. Seremala wa barabarani, aliyemwazima Papa randa na msumeno, alizigonga mara moja tu kwa kidole. "Hii mbao inapashwa kulala kwanza, Mwalimu," alisema. "Miezi, hapana siku." Papa akamjibu kwamba maharagwe hayatamngojea. Mama alipolisikia jibu hilo alilipenda sana. Kila alipopita uani na beseni lake alisema haraka haraka haina baraka, kama anayeimba wimbo wa kazi.

Papa alipima kama anavyofundisha. Alitumia rula ndefu ya ubao wa darasa na chaki, na kila kipimo alinitaka nikirudie kwa sauti, kisha nikiandike kwenye daftari, kisha yeye akague mwandiko. Ubao mmoja ulikula asubuhi nzima. Wakati wa kupiga randa, kazi yangu ilikuwa kukalia mwisho wa ubao usitembee. Nilikaa pale siku nyingi za likizo ile ya mwezi wa saba, na ninaweza kukuambia kwamba hakuna sauti inayotuliza moyo kama ya randa inapokubali. Inapokataa ni jambo lingine. Inaruka, inakwama, inang'oa kipande, na Papa anasema neno la Kifaransa ambalo darasani hakulifundisha. Maranda yalitoka marefu, yaliyojikunja, yenye harufu ya dawa ya kikohozi, nami nilijifunga kichwani yakawa nywele zangu. Jioni Mama aliyakusanya yote akawashia moto. Niliona moto wa maranda unampendeza.

Mti mbichi haukatai msumari. Misumari iliingia kama kwenye ndizi mbivu, na Papa akadhani ni ufundi wake. Baada ya siku tisa etajeri ikasimama: safu nne, ikimfikia Papa kidevuni, imelalia kidogo kushoto. Papa alipoitazama aliinamisha kichwa kushoto vilevile, na kwa namna hiyo akaiona imenyooka.

Ijumaa ile akafika Mukaka. Mukaka ni bibi kwa Kinande, na huyu alikuwa mama yake Papa. Alikaa kule chini, kwenye njia ya kutoka Beni kwenda Mangina, penye joto na michikichi, na hakupanda Butembo mikono mitupu. Safari ile alileta mkungu wa ndizi, bidoni ya mawese, na fungu la majani ya msasa, yale majani makali kama ulimi wa ng'ombe ambayo kwao walisugulia mipini ya majembe. Alisalimia wote, akanywa maji, akaenda moja kwa moja kwenye etajeri. Alipitisha kiganja juu yake polepole, akasikitika.

"Mutoto yangu, umeiacha uchi hivi?"

Papa alikuwa amefikiria kupaka vernis ya dukani, ile ya kung'arisha mbao. Mukaka hakutaka kuisikia.

"Mbao ni sawa mutu. Ukiinyima mafuta, ngozi inapasuka. Kinu yangu naipakalaka mawese, na angalia, iko na miaka kupita yako."

Kinu kile tulikijua sote. Kilikuwa cheusi, kinang'aa, na hakikuwa na ufa hata mmoja. Papa alimtazama Mama, na Mama akainua mikono: "Miye siko mu hii mambo."

Basi Jumamosi tuliifanyia kazi etajeri ile, Mukaka, Papa na mimi. Kwanza msasa. Tuliloweka majani kidogo, tukasugua kufuata mwelekeo wa mti, kwa mkono mzima, siyo kwa vidole. Mukaka alikuwa anafumba macho na kupapasa, akikuta mahali panakwaruza ananirudisha. Vidole vyangu viliwaka moto, lakini mbao zikawa laini mpaka nikaziwekea shavu. Kisha mawese. Jua lilikuwa limetoka vizuri mchana ule, mafuta yalikuwa mepesi, na kila tulipopitisha kitambaa mti ulibadilika rangi mbele ya macho yetu, ukawa mwekundu, ukang'aa. Majirani walikuja kuangalia. Papa alikuwa na furaha kiasi kwamba hakuweza kungoja. Jioni ileile tulipanga vitabu vyote, vikubwa chini, vidogo juu, na makatoni sita yakabaki matupu. Mama aliyatazama yale makatoni, akaitazama kona yake, akaenda kupika viazi. Nililala nikijua tumeshinda.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani. Papa ndiye aliyeamka kwanza, na nilisikia lile neno la Kifaransa. Mawese hayakuwa yameingia ndani ya mti. Mti ulikuwa umeshiba maji yake, na baridi ya Butembo ilikuwa imeyagandisha mafuta juu juu, unene wa ukoko wa uji. Vitabu vilikuwa vimekwama ndani yake kwa miguu. Ulipovuta kimoja kilitoka na ukingo wa rangi ya chungwa, na mafuta yalikuwa yamepanda kurasani, yamekula maneno. Sisimizi walikuwa wameshapata habari. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Papa alikuwa amesikia la mkuu, na guu likavunjika vilevile.

Mukaka alisimama na shuka lake mabegani, anautazama ukungu. "Kwetu haifanyaka hivi," alisema. "Ni hii baridi yenu." Na alisema kweli, mafuta ya Beni hayajui tabia za Butembo. Lakini nani alikuwa amelifikiria hilo, jua lilipokuwa linawaka?

Mama hakucheka. Ningependa aseme kitu, alikuwa na haki ya kusema. Alifuta vitabu kimoja kimoja kwa kitambaa, akavirudisha kwenye makatoni. Vitatu vya safu ya chini vilikuwa vimelowa vibaya, akaviweka kando. Tulipotoka misa akampelekea mama wa karanga.

"Bitatu kwanza," alimwambia Papa. "Bingine bitafuata, siku ya maragi."

Kilichotokea kesho yake sikukitegemea. Mukaka alikuwa amerudi kwao, Papa alikuwa amekaa uani akiitazama kazi yake, tuliyokuwa tumeitoa nje, kama mtu aliyepokea barua mbaya, na Mama akatoka jikoni na sufuria ya maji ya moto na majivu. Mama hakuweza kuona kitu kinaharibika akakiacha, hata kama kilikuwa cha adui. Aliiosha etajeri yote kwa majivu, akaisugua kwa msasa uliobaki, kisha akatuamuru tuibebe tuiingize jikoni.

Jiko letu lilikuwa nyumba ndogo ya nyuma, yenye mafiga matatu na moto usiozimika. Juu ya moto zilining'inia mbegu za mahindi, nyeusi kwa moshi, na hakuna mdudu aliyezigusa. Mama alifikiri kwamba kilichofaa mbegu kitafaa mbao. Aliisimamisha etajeri karibu na moto, akaweka sheria: kila asubuhi tunageuza ubavu mmoja. Joto liliyayeyusha mawese yaliyobaki, na mti ulipoanza kukauka ukayanywa. Kila siku rangi ilizidi kuingia, kutoka nyekundu kwenda ya kahawa. Mbao mbili zilijipinda, na Papa aling'oa misumari akaziunga upya, safari hii polepole, bila rula ya darasa.

Nilipewa kazi ya kuichunga isiungue, na kwa kuwa kuchunga mbao ni kazi ya kuchosha, nilikwenda na kitabu. Mama alikuwa anamenya viazi. Baada ya viazi kadhaa aliniuliza, bila kuniangalia, "Inasema nini?"

Mama aliacha shule mwaka wa tatu, Kifaransa chake kilikuwa cha salamu tu. Nikaanza kumgeuzia kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, nikikwama na kuruka nisipojua. Ilikuwa hadithi ya mama mmoja mjane wa nchi ya baridi, anayeondoka na nyumbu wake wa mizigo, yule mtoto wa punda na farasi, kuvuka milima kumtafuta mwanawe aliyeacha kuandika. Theluji ilinishinda kueleza, nikasema ni ile nyeupe ya juu ya Ruwenzori, ambayo Mukaka huiona kwao asubuhi kukitakata. Mama akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameacha kumenya.

Lazima ujue kwamba mdogo wake Mama alikuwa ameenda Manguredjipa kuchimba dhahabu, na kwa mwaka na nusu hakuna aliyetoka kule na salamu zake. Mama hakumtaja. Lakini tangu siku ile, kila nilipoingia jikoni nilikuta amenifutia kile kigoda kizuri. Aliniuliza maswali ambayo hayakuwa kitabuni: yule mjane alimwachia nani nyumba, alibeba chakula gani, nyumbu anakula nini penye baridi. Niliyajibu kwa kubuni, Mungu anisamehe.

Maharagwe yalivunwa mapema mwaka ule. Alhamisi moja mchana yakafika mlangoni kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, magunia saba, na vijana wawili wenye jasho wakauliza yawekwe wapi. Etajeri ilikuwa bado jikoni, ubavu mmoja haujaiva. Makatoni yalikuwa sebuleni, chini, kwenye ile kona. Papa alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mimi nilikuwa nimekalia katoni moja, na nilikuwa nimeamua kwamba sitatoka. Mama alitutazama, mmoja mmoja.

"Mupeleke mu chumba yetu," akawaambia vijana.

"Mu chumba?" Papa akasema. "Na tutalala wapi?"

"Juu ya maragi."

Kisha akanigeukia mimi, kwa sauti ileile ya kuulizia chumvi: "Na ule mama, alifika kwa mulima?"

Ndivyo vitabu vilivyopona. Wazazi wangu walilala wiki mbili kati ya magunia, na Papa hakulalamika hata siku moja. Jumamosi ile tulimaliza kitabu, na mjane alikuwa amesimama juu ya mlima wa mwisho, anautazama mji ambao mwanawe huenda yumo. Chini yake iliandikwa kwamba hadithi inaendelea katika kitabu cha pili. Nilichakura makatoni yote sita. Kisha nikakumbuka vile vitabu vitatu vilivyolowa.

Mama hakungoja nimalize kusema. Alichukua rundo la mitihani ya zamani ya Papa, ili jirani asikose karatasi, akaenda, nami nyuma yake. Mama wa karanga alikitoa kitabu chetu chini ya kikapu kwa moyo mweupe. Kilikuwa kimebaki nusu.

"Ulianzia nyuma?" Mama aliuliza.

"Eh, mama. Mbele kuko picha, niliionea huruma."

Miezi iliyofuata wanafunzi wa Papa walinunua karanga zilizofungwa kwenye sifuri zao wenyewe, na nusu ya kitabu ikarudi jikoni. Ukingo wa chini haukusomeka kwa mafuta, nikawa naruka mistari. Mjane aliingia mjini, akauliza nyumba kwa nyumba, akaelekezwa mlango mmoja wa kijani, akapiga hodi. Hapo ndipo karatasi zilipoishia.

Papa alipoingia kula, kabla hajanawa mikono, Mama alimwuliza ule mlango ulifunguliwa na nani. Papa alijikuna kichwa. "Miye hapana soma ile bado," alisema. Mama akamtazama mwanamume huyu aliyeangusha mikaratusi miwili kwa ajili ya vitabu, na hapo ndipo alipocheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Alipotulia akasema, basi nitawaambia mimi. Na akatuambia.

Siku hizi jiko lile halipo, dada amejenga vyumba vya kupangisha. Mlima wa mikaratusi umejaa nyumba mpaka juu. Karanga zinafungwa kwenye nailoni, na hakuna mtoto Butembo anayesoma nusu ya habari akitafuna. Mukaka alilala zamani, na njia ya kwao siku hizi mtu anaipita akiomba Mungu asikutane na wenye bunduki. Mama naye tulimzika, mwaka wa tano sasa. Etajeri ipo kwa dada, nyeusi kama kile kinu, bado imelalia kushoto, na mvua ikinyesha inatoa harufu ya moshi. Sina uchungu. Nilipewa utoto mzuri, na nilijua ni mzuri ulipokuwa unaendelea, jambo ambalo si wengi wanaolipata.

Mwisho wa hadithi ile Mama hakuusimulia mara moja. Aliubadilisha kufuatana na siku. Kuna siku mlango ulifunguliwa na mwana mwenyewe, ameoa, ana mapacha, na aibu ndiyo iliyomzuia kuandika. Kuna siku mjane alikuta jembe la mwanawe tu, akalibeba, akarudi nalo nyumbani, na siku hiyo hatukuuliza zaidi. Siku nyingine ni nyumbu aliyemtambua mwana kwa harufu, sokoni. Na mjomba aliporudi kutoka Manguredjipa, mzima, amekonda, bila hata punje ya dhahabu, Mama alisema kwamba mwana alikuwa ameshafika nyumbani kwa njia nyingine, na sasa ilikuwa zamu yake kumtafuta mama yake.

Kulikuwa na mwisho mmoja mwingine. Aliusimulia siku tulipoitoa etajeri jikoni kuirudisha sebuleni, Papa ameshika juu, Mama na mimi chini, na katikati ya uani Papa alilazimika kuiweka chini, akaketi kwenye majani, machozi yanamtoka kwa kicheko. Huo umenitoka kabisa. Nimeutafuta miaka hii mitano. Juzi nilimwuliza Papa, ambaye ni mzee sasa na anaota jua mlangoni kwa dada. Alifumba macho, akafikiri muda mrefu, kisha uso wote ukamfunguka.

"Nilicheka sana siku ile," alisema. "Nakumbuka kucheka tu."